Kwa Mguu Wangu wa Kulia

Mwenye deni ni wewe, si injini.
Nimeshika daftari la Tusekile hapa Ipogolo,
alfajiri, baridi inatafuna masikio,
na safari ya mwaka jana imeandikwa kwa kalamu nyekundu:
Ipogolo hadi Uyole, lita themanini na mbili.
Chini yake, neno moja: Mguu.

Basi tusikilizane kabla sijawasha gari.

Nyuma yetu kuna nyumba. Usijisahaulishe.
Kitanda, jiko la gesi, kabati la vyombo,
trela la bati jeupe tulilolinunua mnadani Mafinga
wakandarasi wa barabara walipomaliza kazi yao;
na kwenye pikapu, miche mia mbili ya parachichi
inayokwenda kuuzwa Nane Nane.
Upepo wa Agosti hauoni nyumba, unaona ukuta,
na kila unapokanyaga kupita themanini
ukuta huo unasukumwa kwa pesa yangu.

Tusekile amekwisha kumwaga tangi la maji.
"Maji yapo Chimala," amesema, "yapo Igurusi,
tuyapandishe milima ya nini, yanakwenda kuona mgonjwa?"
Ameshusha na gunia la viazi
(viazi, kupeleka Mbeya!)
na kiti cha chuma nilichokuwa nakipenda.
Amepima upepo wa tairi zote, na zile mbili za nyumba,
kabla jua halijazidanganya.

Zamu yako.
Tanangozi, Ifunda: kanyaga kama mtu
aliyerudi usiku wa manane na hataki kuulizwa.
Basi la asubuhi likija nyuma na honi zake
liache lipite. Lenyewe lina ratiba, sisi tuna kitanda.
Mwaka jana ulishindana nalo pale Nyololo,
tulipofunga breki kabati likafunguka
na trei mbili za mayai zikasafiri hadi mlangoni.
Tuliingia Makambako tukinuka keki isiyookwa.

Lori la mbao likitambaa mbele, tambaa.
Kilima ukikiona, chukua mwendo kidogo ukiwa bado chini;
katikati yake usigombane,
nishushe gia, mlima uwe mlima.
Na kule kushuka kwenda Igawa usichezee breki,
gia ndiyo inayoushika mzigo mkono.
Tazama mbali. Ukiona ng'ombe wa Usangu
wanavuka kule, wadogo kama punje za mtama,
achia mapema. Kila breki
ni dizeli uliyokwisha kuichoma, ukaamua kuitupa.

Haba na haba hujaza kibaba, wanasema.
Hawakukujua wewe. Haba na haba
hutoboa tangi.

*

Uyole, saa kumi jioni.
Mlima Nyoka tumeupanda kwa gia ya pili,
bodaboda mwenye matenga ya kuku akatupita akipunga.
Kituoni pampu imesimama kwenye sitini na sita.
Tusekile amerudia hesabu, mara ya pili kwa vidole,
kisha akatazama bei iliyobandikwa ubaoni
akacheka hadi akashikilia kioo cha gari.
Imepanda juzi. Lita kumi na sita tumeziokoa
na mkononi imebaki pesa ya soda mbili.
"Andika hivyo hivyo," amesema. "Lita ni zetu, bei si yetu."
Safari hii kalamu ilikuwa ya bluu.

Usiku nyumba imetulia juu ya magogo yake,
miche imefunikwa isiunguzwe na umande wa baridi,
na wewe umetoka nje ya blanketi,
unajikunja, unajinyoosha,
unatafuta gizani kitu cha kukanyaga.
Tusekile amekuwekea wake juu, baridi kama chuma.
"Achia," amesema, nusu usingizini.

Ukaachia.