Uzi Mmoja

Loriana wa Prato haamini lebo.
Huchomoa uzi mmoja, huutia kiberiti:
pamba hunuka karatasi,
sufu hunuka nywele zilizoungua,
poliesta hulia machozi meusi, yakaganda.

Jumanne alikuja binti na gauni la marehemu mamake.
"Hariri tupu," akasema. "Baba aliuza pikipiki ili alinunue."
Akataka lipunguzwe kiunoni.

Loriana akauchomea uzi nyuma ya cherehani.
Ukajikunja. Ukadondosha tone jeusi.

Akafungua dirisha, baridi ya Januari iingie, moshi utoke.
Akachagua sindano nyembamba kuliko zote,
ile ya hariri,
akapima kiuno mara mbili.

"Kitambaa hiki," akasema, pini mdomoni,
"hakitaki pasi ya moto.
Kitunze."