Dakika Tatu za Fundi Cherehani

Tume ya maoni ilikuja Isevya siku ya Jumanne,
ikapanga meza, ikapanga chupa za maji,
ikasema: kila mwananchi dakika tatu.
Nikanyoosha mkono, pini bado ziko mdomoni.

Naitwa Mihayo Sadala, fundi wa Ng'ambo.
Sina cheti. Nina futi, na daftari la vipimo,
na humo, ukurasa wa kumi na tisa,
yumo Mheshimiwa Ntabo Kaseko.

Muhula wa kwanza: kiuno thelathini na moja.
Alikuja na kitambaa cha kukopa,
akasimama wima kama mwanafunzi anayesubiri kuitwa jina.
Muhula wa pili: thelathini na sita.
Wa tatu: arobaini na mbili, na akaniambia,
"Fundi, acha nafasi kidogo, safari bado."
Mimi huacha akiba ya inchi moja kwenye mshono.
Inchi moja.
Suruali ikifumuliwa mara tatu, kitambaa huchoka
pale pale sindano ilipopita.
Andikeni: mihula miwili inatosha.

Hoja ya pili ni neno lenyewe, kukaa.
Nguo ikikutosha vizuri, twasema imekukaa.
Mbunge akikaa, analipwa kwa kukaa.
Na mimi nakaa, jamani! Tangu adhana ya alfajiri
mpaka umeme ukatike, nipo juu ya kigoda,
na hakuna aliyewahi kunipa posho ya makalio.
Nalipwa suruali ikitoka. Shati likikosa kola, silipwi.
Vikao viwe vya wiki mbili au miezi mitatu,
Dodoma siijui, sitawadanganya;
najua kwamba shule zikikaribia kufunguliwa
silali mpaka sare zote ziishe,
na zikiisha, nazima taa, naenda kwa mke wangu.
Muswada nao uwe sare.
Uishe, mzime taa.

Mwenyekiti akatazama saa.
"Imebaki dakika moja, mzee."

Hapo ndipo nilitaka kusema mshahara ukatwe.
Mkasi nilikuwa nao mfukoni.
Nyuma yangu walishaanza kupiga makofi.
Lakini nikamwona Kalunde, mjane wa kule Cheyo,
ameketi mstari wa tatu na kitenge cha zambarau,
hapigi makofi, anatazama miguu yake,
nikakumbuka foleni ya Jumamosi mlangoni kwa Mheshimiwa:
dawa za Kitete, ada ya chuo, jezi za vijana,
nauli ya treni ya kufuata maiti Mpanda.
Nikakumbuka Machi ile, mimi mwenyewe kwenye foleni,
futi shingoni, mshona nguo asiye na sanda ya mama yake.
Alihesabu noti bila kuniuliza jina.
Kesho yake akapita kupimwa suti,
na hakuna kati yetu aliyelitaja lile jambo.

Kipande cha mshahara ule kimezikwa Ulyankulu,
mita saba za bafta.

Nikasimama kimya na midomo yangu ya pini.
Kengele ikalia.
Karani akauliza, "Hoja ya tatu niandike nini?"
Nikamwambia, andika: fundi alipima, hakukata.
Hakuandika. Alichora kistari,
akamwita anayefuata, muuza asali wa Sikonge,
aliyetaka kujua kama maji yale ya chupa ni ya wote.

Jioni dereva wa Mheshimiwa aliniletea kitambaa,
mita tatu, kijivu, kizito, cha dukani kabisa.
"Amesema unavijua vipimo."
Nikasema, vipimo hubadilika, aje mwenyewe.

Kitambaa kipo kabatini, sijakigusa.
Daftari liko wazi ukurasa wa kumi na tisa,
mstari wa nne
hauna namba.