Madirisha Sita

Ndani ya kopo la Kimbo, chini ya vifungo na sindano,
tulikuta ufunguo usiofungua chochote.
Tuliujaribu kabatini, tukaujaribu kwenye sanduku la bati,
hata mlango wa choo, tukacheka kidogo,
kicheko cha watu waliozika jana.

Kisha akaja mzee Odundo, fundi wa magari,
kofia ameikunja mkononi kama barua.
Akauona mezani, katikati ya vikombe.
"Huo ni wa Kombi," akasema,
akanywa chai, akidhani tunajua.

Hatukujua.
Miaka miwili na miezi minne
Shangazi Kalekye, karani wa mapokezi,
alilala ndani ya gari bovu nyuma ya gereji
kando ya barabara ya Lusaka,
gari lisilo na magurudumu, limekalia matofali,
na kila alfajiri upepo ukileta harufu ya biskuti
kutoka kiwandani, na yeye hajala.

"Na zile sketi?" mama akauliza,
maana tuliokua mikononi mwake tunazijua:
mkunjo wa mbele ungeweza kukukata kidole.
"Alizitandika chini ya godoro," Odundo akajibu,
"akazilalia."

Nikamkumbuka hapa Umoja, kitanda cha futi sita,
naye amejikunja pembeni kama aliyeazimwa nafasi.
Nikakumbuka pazia: lazima lifungwe kwanza
ndipo taa iwashwe, hata jua likiwa bado lipo.
Tulimwita mwoga wa wezi.
Tulimtania, Mungu atusamehe, mpaka mwaka jana.

Baba hakusema neno.
Alikwenda chumbani, akarudi na bahasha za zamani,
zile zilizokuwa zikimfikia Wote, shuleni,
kila muhula na hawala ya posta ndani yake.
Akasoma, sauti yake ya kanisani:

*Ndugu yangu Musyimi, nimepata makao.
Nyumba yangu ina madirisha sita.
Majirani ni watulivu, hawapigi kelele usiku.
Mwenye nyumba hanidai kodi, nampikia mchana.
Usije likizo hii, bado napaka rangi.*

Majirani: lori la maziwa lililoungua, teksi mbili zisizo na injini.
Nikatafuta uongo katika barua ile, mstari kwa mstari.
Sikuuona.

"Kombi lile," baba akauliza taratibu,
"lilikuwa na madirisha mangapi?"
Odundo akahesabu kwa vidole, macho darini.
"Sita. Saba, ukihesabu lililovunjika.
Hilo tuliliziba kwa kadibodi."

Baba alitamba bwenini kwa madirisha yale.
Alituambia hivyo, akitazama sakafu:
dada yangu Nairobi, nyumba yake, madirisha sita,
na wenzake waliotoka nyumba za kitundu kimoja
wakampa heshima, na nusu ya viazi vyao.

Usiku akatoka, ati amesahau miwani garini.
Nusu saa. Saa nzima. Chai yake ikaota ngozi.
Nikachungulia chini, pale tunapoegesha:
taa ya ndani ya gari imezimwa,
na kwenye kiti cha nyuma mzee wa miaka sitini na mitatu
anajaribu kukunja miguu,
anaigeuza huku, anaigeuza kule,
haienei.

Nikafunga pazia.
Kisha nikazima taa pia.