Vidole Viwili

Ilipotoka Kilindini vidole vinne vilipita
kati ya tairi na upinde wa bodi,
vikapita kwa raha, na pete yangu juu yake.
Mazda nyekundu, milango miwili, rika la mpwa wangu,
imesimama juu ya magurudumu
kama mtu aliyeazima suruali fupi.

Nikaipeleka kwa Shebwana, Shimanzi, nyuma ya matangi ya mafuta.
Nikamwambia: kata. Pete moja ya springi, moja na nusu, twende zetu.
Akaendelea na mabuyu yake,
akatema kokwa ndani ya kifuniko cha gia,
akasema bila kunitazama:
"Springi si muhogo.
Ukiikata, inakumbuka ilipokatwa.
Siku moja utaingia kona ya Kizingo umejaa sifa,
nayo itaruka kitini mwake,
na sifa zako tutaziokota baharini."

Basi nikangoja miezi mitatu, Ijumaa bila biriani.
Zikaja katika boksi lililochanika pembe:
springi za bluu, fupi, nene, zimejikunja kama ngumi,
na shokomzoba nne za kuzifuata.

Jumapili Shebwana alilala chali na tochi mdomoni,
mwanawe Lali akimpa spana: kumi na nne, kumi na saba,
ile ya kumi na saba, baba, umeilalia.
Nati moja ilikataa. Chumvi ilishaiposa.
Tukaitia mafuta, tukanywa chai, tukaipiga nyundo, tukaitukana,
ikalegea alasiri kwa aibu zake yenyewe.

Gari ikashuka.
Sina neno jingine. Ikashuka,
kama mtu anayeketi baada ya kusimama msiba mzima.
Nikapima: vidole viwili.
Shebwana akapima kwa vyake vinene: kimoja, na kucha.

Saa tano usiku, Kizingo, barabara tupu,
wauza mihogo wameshazima makaa.
Zamani kwenye kona ilikuwa ikilala ubavu,
yaniomba radhi kwanza, ndipo igeuke.
Sasa nikiwaza kushoto, imeshafika kushoto.
Lami ikanisomea mgongoni kila iliyo nayo:
kiraka, mchanga, kifuniko cha mtaro, ganda la njugu.
Nilicheka peke yangu kama mwizi.

Haya. Lakini mamangu akaa Likoni.

Feri haina kona. Ina mteremko,
na mteremko una saa zake.
Maji yakijaa, mlango hulala sawa, napita kama bwana harusi.
Yakipwa, pale chini pavunjika kama goti,
na mdomo wa gari wakwaruza saruji
kwa sauti ambayo feri nzima huigeukia.
"Kaka," akaniambia muuza maji, "umedondosha kidevu."

Mimi, karani wa makontena, nisiyejua kuogelea,
nimebandika jedwali la kupwa na kujaa kwenye dashibodi.
Nampigia mama: nitafika saa kumi na dakika ishirini, si kabla.
"Kwani waja kwa gari au waja kwa mwezi?"

Alhamisi alikuwa na daktari wa macho, saa tatu asubuhi,
na daktari hajui bamvua.
Akatoka na buibui lake, akaitazama kutoka juu.
"Hini ni gari au ni mkeka?"
Akaingia kwa hatua tatu: mkono, Bismillahi, mwili wote.

Kivukoni maji yalikuwa yamekauka hadi kwenye mwani.
Mama, nikasema, shuka kidogo, uzito.
Nilidhani atanisuta mbele ya watu.
Akashuka. Akaweka kiganja juu ya paa,
akatembea kando yangu mteremko mzima,
kulia, mwanangu, kulia, hapo, polepole,
yeye aliyekuwa akienda kutibiwa macho,
kama anayeongoza mbuzi wa Idi.

Hatukukwaruza.

Kwenye vumbi la paa vimebaki vidole vyake vitano.
Shebwana asema nioshe, chumvi itaila rangi.
Najua. Kesho.