Safu Ambayo Fomu Haina

Vivuko vitatu. Ndivyo ilivyosema bajeti,
na bajeti ya Rakvere haina mzaha:
makopo kumi na mawili ya rangi nyeupe,
mabango sita, taa moja ya kumulika,
halafu mfuko unakunjwa hadi mwakani.

Maombi yalikuwa arobaini na moja.
Diwani Urmas alitaka kimoja mbele ya duka lake la samani,
"kwa usalama wa watoto,"
kana kwamba watoto hununua makabati.
Mwalimu wa muziki alileta ramani aliyoichora mwenyewe,
nukta ya zambarau kila mahali alipopigiwa honi.
Mmoja aliandika sentensi moja tu, bila jina:
Mlipopanua barabara mlitusahau tusio na magurudumu.
Hiyo niliibandika ukutani.

Mimi nilipewa kiti cha kukunja na kijitabu.
Oktoba nzima nilihesabu miguu ya watu.
Penye shule, sitini na wawili kwa saa.
Mbele ya stendi, thelathini, na mlevi aliyevuka mara tatu.
Na Mtaa wa Maziwa, kati ya nyumba ya wastaafu
na duka la mikate,
sifuri.
Siku ya pili sifuri, na mbwa.
"Basi hapo pana nini?" akauliza Reelika, mkuu wangu,
akapiga mstari kwa rula.
Fomu ni fomu: asiyevuka hayupo.

Kisha theluji ikaanguka usiku, bila kubisha hodi.
Jumapili, saa tatu asubuhi, jua bado linajishauri,
lori la kukwangua limelala,
na mji wote umekuwa fomu mpya
ambayo watu wameanza kuijaza kwa nyayo.

Penye shule zilipita palepale nilipodhani.
Mbele ya duka la Urmas, paka.
Mtaa wa Maziwa, kutoka mlango wa wastaafu,
buti, hatua fupi fupi, kisigino cha kushoto kimelika,
na pembeni tundu la mkongojo, tundu, tundu,
hadi ukingo wa lami.
Hapo theluji ilikuwa imekanyagwa ikawa kama sahani.
Mtu alisimama hapo muda mrefu.
Akageukia kulia. Akageukia kushoto.
Hatua moja barabarani,
tundu moja,
kisha nyayo zilezile, zikirudi nyumbani.
Harufu ya mikate ilinifikia pale nilipokuwa.

Nilichuchumaa kama mpelelezi wa sinema.
Aliyevuka, sifuri.
Aliyerudi, mmoja.
Fomu haina safu ya waliorudi.
Niliichora kwa kalamu. Ikapinda.

Mkutanoni walibishana hadi kahawa ikapoa.
Urmas akasema theluji si ushahidi, inayeyuka.
Nikasema ndiyo, na mwenye buti naye hangoji milele.
Reelika hakusema kitu.
Alitafuta kifutio mkobani, akaufuta mstari wake.
Kura tano kwa nne.

Mei, rangi imekauka.
Nyayo hazionekani tena, kila mtu anapita bila kuacha habari.
Nakaa na kiti changu, sina kijitabu,
namtafuta mtu kwa kisigino.
Wenye mikongojo nimeona watatu, na wote wana viatu vipya.

Leo mzee mmoja, kofia ya sufu juu ya joto lote hili,
aliweka ncha ya mkongojo kwenye mlia wa kwanza
kama anayejaribu maji ya kuoga.
Lori la maziwa likasimama.
Akavuka. Hakuingia dukani.
Akageuka, akavuka tena. Basi likasimama.
Akavuka tena, akarudi tena;
dereva wa teksi akashusha kioo, akakipandisha, akangoja.
Mara ya tano ndipo alipoingia,
akatoka na mkate mweusi kwapani,
akapita mbele yangu polepole, barabara nzima ikiwa yake.

Nami nilisahau kutazama kisigino.