Ratiba ya Wiki Ijayo

Chini ya maktaba, chumba namba sita,
Signe anasoma ratiba, mafua yamembana:
Jumatatu, saa nzima ya kodiani za Kifini;
Alhamisi habari: ada, mabweni,
na barafu ya ziwa, unene wake kwa inchi.
Ijumaa hoki, tunacheza ugenini;
atatangaza Eskil, punguzeni sauti.

Anakohoa. Anaiomba radhi maikrofoni.
Simu ya studio haijalia tangu Oktoba.

Duluth imelala. Barabara ya juu,
saa kumi usiku,
Orrin anasukuma theluji kwa greda,
redio kaifunga kwa waya kando ya usukani.
“Ijumaa,” anajiambia,
na kwa kidole, kwenye ukungu wa kioo,
anaandika: hoki, saa moja.

Feni ya joto inafuta.
Anaandika tena.