Herufi za Mvunguni

Chini ya cherehani yangu, Soko la Uhuru,
kibanda cha tatu ukitokea upande wa choo,
umelala muhula mzima:
kijani cha marinda, hudhurungi ya kaptura mia mbili,
na upapi wa kitenge cha bibi harusi
aliyelipa nusu, akajipima, asirudi.
Mtaka cha mvunguni huinama.
Nimeinama. Goti limelia kuliko pedali.

Mwalimu Nabwire wa chekechea alikuja Jumanne
na herufi alizozikata kwenye katoni ya sabuni.
"Nishonee hizi. Zijaze ziwe nene,
watoto wazishike, wazigombanie,
wazilalie wakilala mchana.
Na pesa," akasema, akiutazama mlango,
"pesa tutaongea."

Nikadhani ni kazi ya jioni moja.

Herufi hushonwa kinyumenyume,
uso kwa uso, vitambaa vikinong'onezana;
unapiga mshono, unaacha kinywa kidogo,
unaigeuza kwa kitako cha penseli,
unailisha vinyuzi hadi ishibe.
A haikunisumbua. Wala M, wala U, wala O:
hizo hucheka na kila upande, kama diwani wetu.
Ila K.
Niliipa uso wa kijani, mgongo wa hudhurungi,
ikatoka imewapa watu kisogo.
Nikaifumua. Nikashona. Kisogo tena.
Saa nne za usiku stima ikapotea,
nikakaa gizani na K mapajani
kama kuku aliyekataa kuatamia.

Nikiwa darasa la pili
nilichapwa vidole kwa ajili ya K kama hiyo.
Mkono wa kushoto, ubao, chaki iliyokatika.
Jina langu ni Kavere: nilikosea mwanzoni kabisa,
kabla sijafika popote.
Mwaka uliofuata nilikuwa nyumbani, nalea mtoto wa shangazi,
na shule ikabaki kuwa kitu ninachokipima kiuno
na urefu wa mkono.

Asubuhi, Kalekye, bintiye Mutheu wa pasi,
miaka minne, kiatu kimoja,
akaichukua ile K mezani.
Nikamwambia, weka, hiyo imeharibika.
Akaitazama. Akanitazama.
Akaigeuza tu.

Basi. Upande wa hudhurungi K imesimama sawasawa,
mguu mmoja mbele kama askari wa gwaride.

Nimekuwa fundi miaka thelathini na moja.
Najua kitambaa kina uso na kina mgongo.
Sikujua herufi haina mgongo;
kwamba siku ile, ubao ungekuwa wa kioo
na mwalimu akazunguka nyuma yake,
angeiona K yangu imenyooka.

Leo Ijumaa nimezitia zote kwenye gunia la unga.
Ilibaki ng' ya ng'ombe,
na ng' bila ritifaa yake ni mnyama mwingine, hakamuliki.
Nikapapasa mvunguni, nikapata kipande cha mwisho,
kidogo kuliko ukucha:
kitenge cha bibi harusi.
Nimekishona juu kwa mkono, mishono mitatu.
Akirudi na ile nusu yake
nitamwonyesha alipo.